Shujaa Avae Nini?



Inapokaribia Noeli, au siku ya vijana, au likizo kubwa, vikundi vyetu huanza kupanga maonyesho. Hapo awali mipango hiyo ilihusu nyimbo, ngoma, na mchezo wa Mamajusi na mfalme Herode. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Vijana wamezitazama filamu za njozi katika simu na katika vibanda vya video: falme zilizofichwa nyuma ya milima, majoka yatemayo moto, mashujaa ambao miili yao haipenywi na risasi. Wakitoka hapo hutamani kuyavaa yale waliyoyaona. Madaftari ya vikundi yanajaa michoro ya kofia za vita, ngao, mbawa na majoho, na swali la kwanza kuulizwa mkutanoni ni la fedha: vifaa tutavipata wapi?

Sisi tunaona kwamba swali la fedha ndilo jepesi. Liko swali zito kuliko hilo, nalo huachwa bila kuulizwa mpaka siku ya maonyesho: shujaa avae nini hapa kwetu, mahali ambapo gwanda na silaha si mapambo? Jibu letu tunalitoa mapema. Maleba, yaani mavazi ya wachezaji wa jukwaani, yatengenezwe, tena kwa bidii na kwa furaha. Yatengenezwe kwa mikono yetu wenyewe na kwa vitu vilivyotuzunguka. Lakini shujaa wetu asishike bunduki, hata ya mti, wala asivae nguo inayofanana na gwanda la mpiganaji yeyote. Hatusemi hivyo kwa woga. Tunaamini kwamba njia hiyo itatupatia maonyesho bora zaidi, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuwajibu wazee wetu, maana baadhi yao huuliza kwa haki kabisa: katika nchi ya vita, ya nini kupoteza siku nzima tukibandika makaratasi ili tufanane na watu wa sinema za wageni? Tunawaomba wazee wafikiri jambo moja. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler, inayosimulia ufalme wa Kiafrika uliofichwa na wenye madini ya ajabu. Aliyebuni maleba yake ni mama mmoja Mmarekani mweusi, Ruth E. Carter. Walinzi wa kike wa mfalme aliwavisha rangi nyekundu na shanga akiwafuata Wamasai, na pete za shingoni akiwafuata Wandebele. Walinzi wa mpakani aliwapa mablanketi ya Wasotho. Taji la mama malkia alilitoa katika kofia pana ya wanawake Wazulu walioolewa. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa ubunifu wa maleba, na mwaka 2023 akaipata tena kwa filamu iliyofuata. Basi yale ambayo kijana wa Pinga huyastaajabia kama mambo ya wageni yalitoka kwenye mikono ya Waafrika, wengi wao wakiwa wafugaji na washona shanga wasiojulikana majina. Kijana anayejifunza kuyatengeneza upya anavirudisha nyumbani vilivyokuwa vya nyumbani.

Tena, sinema zenyewe si tajiri kwa namna tunavyodhani. Katika filamu za The Lord of the Rings, zilizopigwa New Zealand na kuanza kuonyeshwa mwaka 2001, askari wengi huonekana wamevaa deraya za pete za chuma. Sehemu kubwa ya deraya hizo ilikuwa mabomba ya plastiki yaliyokatwa vipande vyembamba kama pete, yakaunganishwa moja moja kwa mkono, kisha yakapakwa rangi ya madini. Macho ya watazamaji yaliona chuma. Mikono ya mafundi ilijua kuwa ni bomba. Huko Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana na majirani zake wamekuwa wakitengeneza filamu tangu mwaka 2005 kwa vyuma chakavu na mabomba, na filamu yao ya Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, ikatazamwa dunia nzima ingawa gharama yake ilikuwa ndogo mno. Nako Kinshasa, wasanii waliojikusanya pamoja na Eddy Ekete hutembea mitaani wakiwa wamevaa mavazi ya kutisha na kuchekesha yaliyoundwa kwa taka: makopo ya vinywaji, matairi, nyaya, ndala zilizokatika, vifuniko vya chupa. Mtu aliyevaa makopo hulia njuga kila apigapo hatua, na anayemtazama hulazimika kujiuliza ni nani aliyeyatupa makopo hayo yote. Kwa wasanii hao umaskini wa vifaa umegeuka kuwa maneno.

Na sisi tunavyo vya kusemea. Karatasi za mifuko ya saruji ni ngumu na hupokea rangi vizuri. Zikung'utwe nje kwanza, kwa kuwa vumbi la saruji huwasha macho na kifua. Gundi hupikwa kwa unga kidogo wa muhogo na maji, ikikorogwa mpaka iwe nzito na yenye kung'aa. Na kwa kuwa muhogo ni chakula, utumike ule unga uliobaki chini ya mfuko, si ule wa sufuria ya watoto. Kwa kofia ya shujaa, twaeni kibuyu kizima au sufuria kuukuu, mkifunike kwa majani ya mgomba ili karatasi isishike, kisha bandikeni vipande vya karatasi tabaka juu ya tabaka, tano au sita, mkiacha kila tabaka lipate kukauka. Hapa kwetu mvua ni nyingi, kwa hiyo jua lisipopatikana, kofia ining'inizwe juu ya jiko lakini mbali na ndimi za moto. Maganda makavu ya migomba yakisukwa huwa mikanda na magamba ya joka. Mifuko ya unga iliyofumwa kwa plastiki ikifumuliwa hutoa nywele na ndevu ndefu. Fito za mianzi hubeba mbawa. Udongo mweupe, udongo mwekundu na makaa yaliyosagwa hutosha kwa rangi. Turubai lililochakaa, ambalo halifai tena kuezekea, huwa joho la mfalme. Na chukudu moja, ikifunikwa kwa fito na majani na kusukumwa na vijana wawili waliojificha ndani, huwa joka linaloteremka mteremko huku likinguruma kwa magurudumu yake ya mti. Hakuna sinema ya Marekani iliyo na joka la namna hiyo.

Zipo pia hadhari za ufundi ambazo kiongozi wa kikundi asizisahau. Matundu ya macho yawe makubwa kiasi cha mchezaji kuiona ardhi mbele ya miguu yake. Kinyago kisizibe pua. Rafia na maganda makavu hushika moto upesi kuliko nguo, kwa hiyo mishumaa isisogezwe karibu na wachezaji. Na kabla ya yote, watoto wadogo wasiachwe peke yao na wembe au kisu. Haya ni mambo madogo, lakini kikundi kinachoyashika hujifunza kutunzana hata kabla pazia halijafunguliwa.

Sasa tuje kwenye bunduki. Tulitaja Wakaliga, na tunajua vijana watasema: mbona wao wanatengeneza bunduki za mabomba na hakuna anayedhurika? Ni kweli. Kule, mtu akitokea na bunduki ya bomba, watoto hukusanyika kucheka. Hapa kwetu, mtu akitokea kwenye kona na kitu kama hicho, mama huangusha mzigo na kukimbilia msituni, na mwenye bunduki halisi, akiwa mbali na bila nafasi ya kuuliza, anaweza kufyatua kwanza. Kitu ni kile kile, lakini maana yake hubadilika kwa ajili ya macho yanayokitazama. Macho ya Pinga yameona mengi. Katika miaka ya 2012 na 2013 mji wetu ulipiganiwa na makundi, ukatekwa na kuachwa na kutekwa tena, na watu wakalala porini. Hata sasa njia zetu hazijasahau. Isitoshe, sheria ya nchi yetu inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi. Mchezaji anayekutwa njiani amevaa gwanda hataokolewa na maelezo kwamba alikuwa anakwenda kwenye mazoezi ya mchezo.

Lakini hatari ya njiani si sababu yetu kubwa. Sababu kubwa imo ndani ya kijana mwenyewe. Mnamo Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake liliwahi kuishika Pinga, na miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo ni kuwaingiza katika kundi lake watoto wasiotimiza miaka 15. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inakataza kumtumia katika jeshi au kundi lolote la silaha mtu aliye chini ya miaka 18. Watoto waliotumiwa namna hiyo wamerudi, au baadhi yao wamerudi. Wanakaa nasi kwenye benchi moja. Wengine wamo katika kwaya na katika vikundi vyetu, na si wote waliowahi kusema walipotoka. Tukimpa mmoja wao bunduki ya mti na kumwambia aigize, tunamwomba aigize nini? Kwetu huo ni mchezo. Kwake ni jana. Na yule mdogo ambaye hajawahi kuchukuliwa, anayetazama kutoka safu ya mbele na kuona kwamba makofi makubwa yanampata mwenye bunduki, anafundishwa somo ambalo wengine wangependa sana kumfundisha.

Kuna jambo la ndani zaidi linalohusu filamu za njozi zenyewe. Katika Black Panther, dada wa mfalme anamtengenezea kaka yake vazi linalomeza nguvu ya kila pigo na kuirudisha kwa adui. Risasi humgusa shujaa, naye hajeruhiwi. Kijana wa London anapoyaona hayo hujua ni njozi. Kijana wa Walikale amekwisha kuyasikia mahali pengine, tena yakisemwa kama kweli. Mwaka 1905, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na kuwaambia kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita iliyofuata ilidumu mpaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa walikuwa wengi kupita kiasi. Neno hilo hilo, maji, ndilo lililozaa jina la Mai-Mai katika misitu yetu. Hirizi shingoni, majani kichwani, maji yaliyonyunyizwa mwilini: hayo nayo ni maleba, lakini ni maleba yasiyokiri kuwa maleba. Waliyavaa vijana wa rika lenu, wakaamini, na wengi hawakurudi.

Hapo ndipo vazi la kujitengenezea linapoonyesha thamani yake. Mtu aliyekata karatasi, akapika gundi, akasubiri tabaka la tano likauke, hawezi kudanganyika kwamba kofia yake inazuia risasi. Anajua inavunjika wapi. Anajua mvua moja ikiinyeshea itarudi kuwa uji. Kutengeneza njozi kwa mkono ni dawa ya kuabudu njozi. Anayeinunua ikiwa tayari, au anayepewa na mtu mwenye kumhitaji, huiona imekamilika na haoni mshono. Fundi aliona mshono, maana yeye ndiye aliyeushona. Tungependa kila kijana wa Pinga awe fundi kwa maana hiyo: ajue kila vazi la nguvu limeshonwa na nani, kwa faida ya nani.

Tunasikia pingamizi. Vijana wanasema: shujaa asiye na silaha si shujaa, na mchezo usio na vita unalaza watu usingizi. Wengine wanatukumbusha, kwa akili sana, kwamba hata mchezo wetu wa Noeli una askari wa Herode waliotumwa kuua watoto. Je, tuwaondoe? La, wasiondolewe. Ubaya ukiondolewa katika hadithi, hadithi inakuwa uongo, na watu wa Pinga wataujua uongo huo kabla ya mtu yeyote. Ila tuchague jinsi ya kuuvisha. Askari wa Herode wapewe mikuki ya mianzi yenye ncha za karatasi, mirefu mno kuliko mikuki ya kweli, na kofia za rangi ambazo hakuna jeshi linalovaa: zambarau, manjano, nyeupe yenye madoa. Nyuso zao zionekane. Mtazamaji atambue mara moja kwamba huyu ni mtoto wa jirani anayeigiza mtu mbaya, na hapo ndipo atakapoweza kumtazama bila kukimbia, na kufikiri. Ukatili uonyeshwe kwa mwendo wa mwili, kwa ngoma inayokatika ghafla, kwa mama mmoja anayesimama kimya na kitambaa kitupu mikononi. Hakuna aliyewahi kusinzia mbele ya picha hiyo.

Na kuhusu shujaa, tunataka kuwakumbusha vijana kwamba hawana haja ya kumwazima kutoka mbali. Mwaka 1956, katika nchi hii ya Wanyanga wa Walikale, mtambaji aitwaye Shekarisi Candi Rureke alimsimulia mtaalamu wa Kibelgiji, Daniel Biebuyck, habari za Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku wasaidizi wakipiga vijiti. Mwaka 1969 utenzi huo ulichapwa kwa Kinyanga na kwa Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Vyuo vya nchi za mbali huusoma. Sisi tunaoishi kwenye misitu yake, wengi wetu hatuujui.

Huyo Mwindo ni wa ajabu kuliko shujaa yeyote wa sinema. Baba yake, Shemwindo, alikuwa amewaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana, akiwa tayari anatembea na kusema, mkononi ameshika usinga, na shoka, na mkoba mdogo wenye kamba ndefu ndani. Baba akajaribu kumwua, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikamfikisha Mwindo kwa shangazi yake Iyangura, mke wa nyoka mkuu wa majini. Akazama kuzimu, akashindana na wenye enzi wa huko, akapanda mbinguni kwa radi. Wapi katika filamu zenu mmeona zaidi ya haya?

Na tazameni suala la maleba katika hadithi hiyo. Wajomba zake Mwindo, ambao ni popo wahunzi, walimfulia mavazi ya chuma kuanzia kofia hadi viatu ili mikuki isimdhuru. Hapo tunalo vazi lisilopenya silaha, la kwetu kabisa, lililotangulia kila sinema. Lakini hadithi haikuishia kwenye chuma. Wajomba waliomvika walikufa vitani, na chuma hakikuwarudisha. Kilichowarudisha ni usinga. Mwindo aliwagusa wafu kwa usinga wake, nao wakaamka. Akawafufua hata watu wa mji wa baba yake aliokuwa amepigana nao. Kisha, alipoliua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, alichukuliwa juu mbinguni, akateswa kwa mvua, baridi na jua mpaka majivuno yakamtoka. Aliporudi alikuwa na amri kwa watu wake: walime vyakula vya namna nyingi, wasigombane, wasimcheke mgonjwa apitaye kijijini. Wahenga waliotunga hayo walijua kwamba nguvu ya kuua ni nyepesi kupatikana, na kwamba shujaa hakamiliki mpaka ajifunze kuinua aliowaangusha.

Maleba ya shujaa huyo hayana gharama. Usinga ni mkia wa ng'ombe, au rafia iliyofungwa kwenye kijiti. Shoka ni chombo cha kazi ambacho kila nyumba inakijua. La jukwaani liwe la karatasi. Mkoba husukwa kwa maganda ya mgomba, na kamba huwekwa ndani yake. Mavazi ya chuma yatengenezwe kwa vipande vya makopo vilivyopigwa kingo zisikate, na katikati ya mchezo mchezaji ayavue mbele ya watu, abaki na usinga. Tungependa sana kuona uso wa watazamaji wakati huo.

Hata hivyo, hadithi ya Mwindo ni ya Wanyanga, na Pinga si ya Wanyanga peke yao. Wapo Wahunde, wapo Wahutu, wapo na wengine, na kila nyumba ina mashujaa na mazimwi yake. Haitafaa kikundi kimoja kiweke hadithi yake jukwaani na kuwafanya wengine kuwa watazamaji tu. Kila mmoja aende kwa bibi na babu yake, aulize, aje na hadithi, na kikundi kichague na kuchanganya. Lakini sharti moja tunalitia mkazo kuliko yote tuliyokwisha kuyasema: zimwi lisipewe alama ya kabila lolote. Lisiseme kwa lafudhi ya majirani, lisivae kama majirani, lisipewe pua wala urefu wala kazi ambayo watu watasema, ni wale. Katika nchi yetu kicheko cha namna hiyo kimetangulia mara nyingi mambo ambayo hayachekeshi. Zimwi liwe na vichwa saba, mkia wa chukudu na macho ya makopo, na kila mtu aliyepo alichukie kwa usawa.

Wasichana nao wasiachwe kushona tu. Walinzi wa mfalme wa Wakanda ni wanawake. Iyangura ndiye aliyempokea Mwindo alipotupwa na baba yake. Msichana na apewe nafasi ya kubeba hadithi, na mvulana ashike sindano, hakuna atakayepungukiwa.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuhesabu fedha, tunawaomba mfanye mambo machache. Somesheni orodha ya wahusika kwa sauti, na kwa kila mmoja ulizeni: je, mama aliyekimbia vita akimwona huyu akitokea ghafla, atafanya nini? Jibu likiwa ni kukimbia, badilisheni vazi. Mwulizeni kila mchezaji faraghani kama nafasi aliyopewa inamlemea, na msimlazimishe kueleza sababu. Mpeni taarifa paroko, chifu na wakuu wa usalama juu ya siku na mahali pa maonyesho. Maleba yasafirishwe yakiwa yamefungwa ndani ya magunia, yavaliwe mahali pa maonyesho na kuvuliwa hapo hapo, na kila kitu kimalizike jua lingali juu, ili watoto wafike nyumbani kabla ya giza.

Kisha kaeni chini, pikeni gundi, na mwanze. Kazi hiyo itachukua majuma kadhaa, na katika majuma hayo mikono ya vijana wa makabila mbalimbali itakuwa ndani ya sufuria moja ya gundi. Hata mvua ikinyesha siku ya maonyesho na kofia zote zikayeyuka, hilo halitakuwa limepotea.